Rangi za bustanini: usalama uanzie kwenye sufuria

Mzazi wa Karagwe au Kyerwa hahitaji kuelezwa kuhusu utomvu wa mgomba. Shati la mtoto aliyetumwa kukata ndizi hufuliwa mpaka linachakaa, na doa la kahawia bado lipo. Utomvu huo una tanini, ambayo hung'ang'ania uzi. Mimea mingine nayo hutoa rangi za kupendeza, na likizo ni wakati mzuri wa kuwafundisha watoto kutia rangi vitambaa.

Anzeni na maganda makavu ya vitunguu maji, yanayotoa rangi ya dhahabu hadi kahawia. Kwa kitambaa cha pamba cha gramu 100, tumia maganda gramu 50 hadi 100. Kifue kwanza, kisha kiloweke usiku kucha katika maji ya moto yaliyoyeyushiwa kijiko kimoja cha chakula cha shabu. Shabu ndiyo inayoishikisha rangi. Chemsha maganda kwa saa moja, chuja, tumbukiza kitambaa, acha kwenye moto mdogo kwa saa moja nyingine. Manjano nayo hutoa rangi kali, ila hupauka juani, hivyo anika kivulini.

Tatizo huanza tunapodhani kwamba kilichotoka bustanini hakiwezi kudhuru. Wapo wanaotumia mrututu badala ya shabu ili wapate kijani. Wakulima wa kahawa wanaufahamu, kwani hutengenezewa dawa ya ukungu. Ni sumu. Mtoto akiumeza hutapika na kuumwa tumbo, na ukizidi huharibu ini na figo. Usiutumie kwenye kazi ya watoto.

Tenga sufuria, mwiko na ndoo za rangi; visirudi jikoni hata vikisuguliwa. Pikia nje, mtu mzima akiwepo. Shabu iwekwe mbali na chumvi na sukari, maana zinafanana. Na rangi iliyobaki isihifadhiwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi, anaangalia chupa.

Akimeza mrututu au kitu usichokijua, usimlazimishe kutapika. Msukutue kinywa kwa maji, kisha mkimbize kituo cha afya kilicho karibu. Beba na chombo alichonywea, kitamsaidia mhudumu kujua pa kuanzia.