Wapeni watu wa Tana hati, si nauli ya mkutano

Sheria za misitu za Kenya zimekwisha kuandikwa, na kwa sehemu kubwa zimeandikwa vizuri. Kazi iliyobaki ndiyo ngumu: kumkabidhi mwanakijiji wa delta ya Mto Tana, awe wa Ngao, wa Wema, wa Hewani au wa Ozi, mamlaka ambayo sheria hizo zinasema ni yake. Msimamo wetu ni huu: ushirikishaji wa umma usiompa mwananchi hati ya ardhi yake, kauli katika uamuzi na fungu katika mapato ni mkutano tu.

Mikutano hiyo tunaijua. Taarifa humfikia chifu siku mbili kabla. Mgeni huja na ramani na maelezo ya Kiingereza, huzungumza saa nzima, kisha maswali hupewa dakika chache kabla ya chakula. Watu hutia sahihi kwenye daftari la mahudhurio, hupewa nauli na soda, hupigwa picha. Baadaye daftari lile hutolewa kama ushahidi kwamba jamii ilikubali. Aliyetia sahihi alithibitisha kwamba alifika. Hakuna aliyemwambia kwamba anautoa msitu.

Mto Tana umeonyesha mara mbili hasara ya kuwaruka wenyeji. Mwaka 1976 serikali ilitenga karibu kilomita 170 za mraba za msitu wa kando ya mto, kaskazini ya Garsen, ili kuwalinda mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana, wanyama wasiopatikana popote pengine duniani. Kusudi lilikuwa jema. Lakini ndani ya mipaka ile kulikuwa na mashamba ya Wapokomo, na mashamba hayo yalikuwa na wenyewe. Miaka ya 1990 ulikuja mradi uliogharamiwa na Mfuko wa Mazingira wa Dunia kupitia Benki ya Dunia, ukiwa na mpango wa kuwahamisha wakazi. Ulipingwa, ukafungwa kabla ya kutimiza malengo yake. Mwaka 2007 Mahakama Kuu iliamua kwamba hifadhi yenyewe haikuanzishwa kwa mujibu wa sheria. Miaka 30 ya uhifadhi ikajikuta haina msingi, kwa sababu utaratibu ulirukwa siku ya kwanza. Mbega hakupata ulinzi wa uhakika, na mkulima hakupata utulivu.

Mara ya pili ilikuwa miwa. Mamlaka ya Maendeleo ya Mito Tana na Athi (TARDA) na kampuni ya sukari ya Mumias zilipanga kulima miwa kwenye hekta zipatazo 20,000 za delta, na mwaka 2008 mamlaka ya mazingira, NEMA, ikatoa kibali. Wakazi walikwenda mahakamani. Februari 2013 Mahakama Kuu iliagiza mipango ya matumizi ya ardhi ya delta iandaliwe pamoja na wananchi wenyewe. Shamba lile la miwa halikulimwa. Wanaodai kwamba kuwauliza wananchi kunachelewesha maendeleo wahesabu miaka iliyopotea hapa kwa kutowauliza.

Katikati ya mivutano hiyo, mwaka 2012, Wapokomo, ambao ni wakulima, na Waorma, ambao ni wafugaji, waliuana. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha kati ya Agosti na Desemba, wakiwemo watoto. Siasa ilichochea, lakini kuni zilikuwa tayari: nani anamiliki ukingo, nani ana haki ya malka, yaani njia ya kufikia mto kunywesha ng'ombe, nani alime wapi maji yakishuka. Ardhi isiyo na mwenye kutambuliwa kisheria huwa na wagombezi wengi.

Ndipo watu wa delta wakaonyesha njia nyingine. Kufikia mwaka 2015 mpango wa matumizi ya ardhi ya Delta ya Tana ulikuwa umekamilika, ukisaidiwa na shirika la Nature Kenya na kupitia kamati za vijiji ambamo wakulima, wafugaji na wavuvi walikaa meza moja. Walikubaliana wapi palimwe, wapi palishwe, wapi msitu na majani yaachwe. Walifanya hivyo wakati makaburi ya 2012 yalikuwa bado mapya. Haupo ushahidi mkubwa kuliko huo kwamba jamii hizi zinaweza kuamua mambo mazito. Ngao yenyewe imekuwa na misheni tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kusoma ramani si jambo geni hapa.

Hata hivyo mpango si hati. Mpango unaweza kuwekwa kabatini na ofisa ajaye, na hadhi ya ardhioevu ya Ramsar ambayo delta ilipata mwaka 2012, kwa hekta 163,600, haimzuii mtu mwenye msumeno usiku. Kinachomzuia ni jirani mwenye haki ya kumzuia.

Haki hiyo sheria inaitoa kwa njia mbili, na ni muhimu kila baraza la kijiji lizijue. Msitu wa kando ya mto ulio kwenye ardhi ya jamii ni msitu wa jamii. Ibara ya 63 ya Katiba inasema hivyo, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inasema hivyo. Lakini mpaka ardhi hiyo isajiliwe chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, serikali ya kaunti ndiyo inayoishika kama mdhamini, na hata fidia ya ardhi iliyochukuliwa hukaa mikononi mwake. Jamii ikisajiliwa huchagua kamati ya watu 7 hadi 15, na ardhi haiwezi kutolewa bila idhini ya theluthi mbili ya wanachama wazima. Hapo daftari la mahudhurio linakosa nguvu yake ya uongo.

Mikoko ni jambo jingine. Mikoko yote ya pwani ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932, enzi ya ukoloni, na bado ni msitu wa umma. Hapo wananchi wa Kipini na Ozi wanaingia kwa kuunda chama cha misitu cha jamii na kutia saini makubaliano na Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Makubaliano hayo huwapa haki ya asali, dawa, kuni, malisho na shughuli nyingine zisizoua msitu. Chama kisicho na makubaliano kinapanda miche na kufanya doria bure.

Faida ya makubaliano inaonekana Gazi, kaunti ya Kwale. Tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117 tu za mikoko na kuuza hewa ya kaboni, na fedha zake zimeingia kwenye maji na shule za kijiji. Kaunti ya Tana River ina hekta zipatazo 3,260 za mikoko. Hatusemi kila hekta iwekwe sokoni. Tunasema kwamba Gazi ilianza na chama chenye makubaliano na KFS, ndipo wanunuzi wakaja. Atakayeanza na wanunuzi atajikuta akitia saini asichokielewa. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2023 yanataka miradi ya kaboni inayotumia ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka baada ya kutoa gharama. Asilimia 40 ya jamii isiyosajiliwa atapewa nani?

Tanzania ilitangulia katika hili. Sheria yake ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutangaza hifadhi ya msitu wake, kuweka sheria ndogo, kutoza faini na kubaki na mapato. Huko Kilwa vijiji vimeuza magogo ya mpingo kutoka misitu yao wenyewe, na misitu ikabaki. Msitu wa SULEDO, Kiteto, ulipata Tuzo ya Ikweta mwaka 2002 kwa usimamizi wa vijiji. Vijiji hivyo vina mtandao wao, MJUMITA, unaosema kwa niaba yao mbele ya serikali. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo iliweka amri mwaka 2014 inayoruhusu jamii kupewa msitu wa hadi hekta 50,000, na Liberia ilipitisha sheria ya haki za jamii juu ya misitu mwaka 2009. Kamerun ilianza mapema, mwaka 1994, na inafundisha somo chungu: sehemu nyingi misitu ya jamii iliangukia mikononi mwa watu wachache wenye elimu na jamaa mjini. Sheria nzuri bila uwazi ndani ya jamii hubadilisha tu jina la mnyang'anyi.

Kuna watakaosema kwamba wananchi wenyewe ndio wanaokata. Ni kweli, wengine wanakata: kwa shamba, kwa mkaa, kwa nguzo, kwa kugema mikindu hadi ife. Lakini mtu asiye na uhakika wa msitu kesho huchukua leo, na aliye na uhakika huuachia mwanawe. Wapokomo walikuwa na Gasa, baraza la wazee lililosema nani alime ukingo gani, na misitu tunayoigombania leo ndiyo iliyobaki chini ya uangalizi ule. Wala uharibifu haukuanzia kwenye panga la mwanakijiji. Mabwawa matano ya juu, kuanzia Kindaruma ya 1968 hadi Kiambere ya 1988, yalipunguza mafuriko yanayoinywesha miti hii. Mche wa mkuyu hauoti pale ambapo mto haufiki. Na mwaka 2018 jopo lililoundwa na serikali chini ya Marion Wakanyi Kamau liliripoti ufisadi mkubwa ndani ya KFS yenyewe. Mwananchi hawezi kuwa mshukiwa wa pekee.

Kwa hiyo tunadai mambo manne.

Kwanza, wizara ya ardhi na serikali ya kaunti huko Hola watangaze ratiba ya kusajili ardhi za jamii za Tana Delta, kijiji kwa kijiji, na kuibandika kwenye ofisi ya kila chifu. Haki za malka ziandikwe ndani ya hati hizo, ili usajili usimfungie Muorma maji wala kumnyang'anya Mpokomo shamba.

Pili, KFS itie saini makubaliano na vyama vya misitu vilivyokamilisha mipango yao, na ieleze kwa maandishi sababu pale inapochelewa.

Tatu, mradi wowote unaogusa msitu, pamoja na bwawa la High Grand Falls linalopangwa juu ya mto, ujadiliwe hapa kabla ya uamuzi. Nyaraka ziwe za Kiswahili, zifike siku 30 kabla, na wanawake wasikilizwe wakiwa peke yao panapohitajika. Wao ndio wanaokata kuni na kusuka mikeka ya ukindu. Msitu ukifungwa ndio wa kwanza kuumia, na katika baraza la wanaume ndio wa mwisho kupewa nafasi.

Nne, mashirika ya kijamii yajipime kwa kipimo kile kile. Mmetusaidia sana, mahakamani na vijijini, na tunawashukuru. Lakini bajeti inayoombwa kwa jina la Ngao isomwe Ngao: kiasi gani kilikuja, kiasi gani kilibaki Nairobi, nini kilifanyika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na vyama vya misitu navyo visome hesabu zao hadharani kila mwaka.

Na kwa wenzetu wa Garsen na delta nzima: msingoje kualikwa. Undeni kamati, andikeni majina ya wanajamii, tembeeni mipaka na jirani zenu mkiwa bado mnaelewana, pelekeni maombi na mdai stakabadhi yenye muhuri. Mkutano ujao ukiitishwa, ulizeni kabla ya kutia sahihi: uamuzi umekwisha kufanywa au bado? Ukiwa umekwisha kufanywa, iacheni kalamu mezani na mseme hivyo kwa sauti, mbele ya chifu na mbele ya mgeni, iandikwe kwenye kumbukumbu.