Nusu ya Kidonge

Anayemeza kidonge cha prazikwanteli cha miligramu 600 ili kutibu kichocho humeza dawa mbili kwa pamoja. Miligramu 300 huwaua minyoo. Miligramu 300 zilizobaki zina atomu zilezile, zilizoungana kwa mfuatano uleule, ila karibu haziwagusi minyoo kabisa, na ndizo zinazozidisha uchungu wa kidonge. Tofauti iko kwenye kaboni moja tu: vikundi vinne vilivyoshikamana nayo vimepangwa kinyume, kama kandambili ya kushoto na ya kulia. Hoja yangu ni kwamba mpangilio huo ni sehemu ya dawa yenyewe. Fomula isiyouonyesha haijatuambia dawa ni ipi.

Hoja hii ina umri mkubwa. Mwaka 1848 Louis Pasteur alichambua kwa kibano fuwele za chumvi ya asidi ya tartariki, akaona kila fungu linapindua mwanga upande wake. Mwaka 1874 wanakemia van 't Hoff na Le Bel, kila mmoja peke yake, walieleza chanzo: vifungo vinne vya kaboni huelekea pembe za piramidi, havilali bapa kama tunavyovichora ubaoni. Kolbe, mwanakemia mashuhuri wa Ujerumani, aliidhihaki fikra hiyo hadharani. Kinachohusu tiba ni kwamba protini za viumbe nazo zina upande, kwa sababu zimejengwa kwa asidi amino za upande mmoja. Dawa inapofika kwenye protini ya mnyoo, upande mmoja huingia na wa pili hukataliwa.

Wapo watakaosema mchanganyiko wa prazikwanteli umetibu mamilioni ya watu kwa bei nafuu, hivyo kutenganisha ni anasa ya maabara. Sehemu ya kwanza ni kweli, na ugumu wa kutenganisha ni wa kweli pia: pande hizo mbili huyeyuka kwa joto moja, huchemka kwa joto moja na huyeyuka sawasawa katika maji, hivyo mbinu za kawaida za kuchuja na kukeneka hazifui dafu. Lakini unafuu huo ulikuwa na mlipaji. Kidonge kikubwa na kichungu hakimezeki na mtoto wa miaka miwili, na kwa miongo mingi watoto wasiofika umri wa shule waliachwa nje ya kampeni za kugawa dawa, ingawa wanaogeshwa na kucheza katika maji yaleyale yenye konokono wanaoeneza kichocho. Arprazikwanteli, yaani upande unaofanya kazi ukiwa peke yake, imetengenezwa kwa vidonge vidogo vya miligramu 150 vinavyoyeyuka majini. Ilijaribiwa kwa watoto wadogo nchini Kenya na Côte d'Ivoire, na Desemba 2023 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulitoa maoni ya kuiunga mkono kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Thalidomidi, dawa ya kutuliza iliyomezwa hata na wajawazito, iliingia sokoni Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na kuondolewa mwaka 1961, baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo vilivyoharibika. Vitabu vingi husimulia kwamba upande mmoja ulituliza na wa pili ukadhuru, kwa hiyo kuutenga kungewaokoa. Si hivyo: ndani ya mwili kila upande hugeuka kuwa mwenzake ndani ya saa chache. Ibuprofeni nayo, sehemu kubwa ya nusu yake iliyolala hugeuzwa na mwili kuwa nusu inayotibu. Basi kutenganisha kuna faida gani? Wakati mwingine hakuna, na sidai dawa zote zitenganishwe. Ninachodai ni kila upande upimwe peke yake, kwa kuwa hata tabia hiyo ya kugeuka haionekani mpaka mtu aitafute. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa mwongozo wa aina hiyo mwaka 1992. Kwa mtu mzima mwenye kichocho, mchanganyiko wa zamani bado unafaa, na sioni sababu ya kuulaumu maadamu unaponya na bei yake iko chini. Dawa mpya inayoletwa leo ikiwa imechanganywa, bila maelezo ya nusu ipi inafanya nini, haina utetezi huo.