Samaki Hubeba Ushahidi wa Makao Yake
Walimu wengi hufundisha makao ya samaki kwa maelezo ya ubaoni, nao wanafunzi huyakariri. Njia hiyo haitoshi. Hata hapa Zagayu, mwalimu aweza kupasua tumbo la samaki wa Ziwa Viktoria ili wanafunzi waone alichokula mwisho. Kisha aulize: miezi iliyopita alikula nini, na wapi? Wataalamu hupima nyama yake: kiasi cha kaboni-13 hudokeza kama alijilisha karibu na ufuko au mbali, nitrojeni-15 huongezeka kwa kila ngazi ya ulaji, hivyo sangara mkubwa humzidi dagaa. Mashine za vipimo hivyo hatunazo, lakini swali halihitaji mashine. Mwanafunzi aliyezoea kutafuta ushahidi ndiye atakayeielewa kemia hiyo baadaye.