Unga uliopigwa marufuku na ule ambao haujapimwa

Unga gani wa mahindi ni salama? Novemba 2019, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilisimamisha Dola, Kifaru, Starehe, 210 Two Ten na Jembe kwa sababu ya sumukuvu kupita kiwango. Januari 2020 aina nyingine 17 zikafuata.

Ukisoma orodha hiyo haraka utasema hizo ndizo mbaya, zilizobaki ni nzuri. Mimi sikubali. Sumukuvu hutokana na ukungu unaoshika mahindi yasiyokauka. Kampuni ileile inaweza kutoa unga safi mwezi huu na mbaya mwezi ujao, kulingana na mahindi iliyonunua. Kwa hivyo angalia tarehe ya tangazo, na kama marufuku iliondolewa baadaye.

Na huu tunaosaga kwa mashine ya kijijini? Hauna jina, basi hauingii kwenye orodha yoyote. Lakini mwaka 2004 watu 125 walifariki Ukambani na maeneo jirani, hasa Makueni na Kitui, na uchunguzi ukaelekea kwenye mahindi ya nyumbani yaliyohifadhiwa na unyevu. Kuyapika hakuondoi sumu hiyo.

Kwa unga wa pakiti, hata simu ya kabambe inatosha: andika SM# na nambari ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora, tuma kwa 20023. Jina likitofautiana na la pakiti, rudisha dukani. Likilingana, umejua kibali ni cha kweli. Unga wenyewe haujapimwa kwa ujumbe huo.