Rimoti Siyo Jibu: Matangazo ya Televisheni Yawekewe Kipimo cha Sauti

Dada zetu wapenzi, wa visiwani na wa huku bara.

Wengi wenu mnatujua kwa mashela na magauni ya bibi harusi. Wapo mliowahi kushuka boti na kupanda daladala mpaka kwetu Mbagala kuja kupimwa. Leo hatuna habari za vitambaa. Tuna jambo ambalo ukilisikia utaliona dogo, lakini lilitukosanisha na jirani yetu ndani ya mwezi mtukufu. Nalo ni sauti ya matangazo ya biashara kwenye televisheni.

Sisi ni ndugu wawili, tumepanga vyumba viwili katika nyumba ya vyumba sita. Anayezijua nyumba za uswahilini anajua zilivyo: korido moja katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, kuta zinaishia juu kidogo ya mlango, na baada ya hapo ni mbao na bati. Dari hakuna. Mtu akikohoa chumba cha mwisho, wa chumba cha kwanza anampa pole.

Ramadhani iliyopita tulikuwa tunashona mpaka usiku mkubwa, maana baada ya Idi ndipo harusi zinapofuatana. Usiku mmoja tulikuwa tunatia shanga gauni la bibi harusi wa Unguja. Televisheni tumeiwasha chini kabisa, tamthilia inaendelea, na tukitaka kusikia neno ilibidi tunyamaze wote wawili. Chumba cha pili alikuwepo mtoto wa miezi minne mwenye homa, siku ya tatu hajalala vizuri. Tulimsikia mama yake akimbembeleza, kisha kimya. Tukasema alhamdulillah, amelala.

Tamthilia ikakatwa, likaingia tangazo la sabuni. Hatukugusa rimoti, lakini sauti ilitoka kama mtu amepiga bati kwa rungu. Mtoto aliamka analia kwa kushtuka. Rimoti ilikuwa imefunikwa na gauni, na gauni lina shanga zisizotakiwa kuvutwa. Mpaka tunaipata, matangazo matatu yameshapita na nyumba nzima iko macho.

Mama wa mtoto akagonga mlango. Hakugombana. Alisema tu, "Dada zangu, si mngesubiri hata alale kidogo ndiyo mpandishe?" Tukamwapia kwamba hatukupandisha. Hakuamini, na nani angeamini? Alisikia kimya, halafu akasikia kelele kutoka kwetu. Kesho yake tulimpelekea sahani ya futari kama kawaida. Ilirudi imeoshwa vizuri, lakini haina kitu ndani. Dada zetu mnaelewa maana yake.

Sasa tuseme na la kwetu, tusijifanye wema. Mwezi wa Shaaban tulikuwa tumelipia tangazo letu wenyewe kwenye kituo kimoja cha televisheni, sekunde thelathini, la mavazi ya harusi za baada ya Idi. Tulipokwenda kulisikiliza kabla halijatoka, fundi mitambo alituuliza, "Tulipandishe?" Tukamuuliza kwa nini. Akasema wote wanapandisha, na tangazo lenu likikaa katikati ya mengine bila kupandishwa litasikika kama linanong'ona. Pesa tuliyolipa ilikuwa akiba ya msimu mzima. Tukamwambia pandisha.

Kwa hiyo usiku ule lilikuwa tangazo la sabuni. Usiku mwingine, katika nyumba nyingine ya Tandika au ya Tandale, huenda mtoto wa mtu aliamshwa na sisi.

Fundi yule alitueleza namna inavyofanyika, nasi tunawaeleza tulivyoelewa. Kituo kina kiwango cha juu ambacho sauti haitakiwi kukivuka. Chukulia ni kizingiti cha juu cha mlango. Tamthilia inapita mlangoni kama watu wa kawaida wanavyopita: mtoto, bibi aliyeinama, mtu wa kimo cha kati, na mara moja moja mrefu anayegusa kizingiti. Yaani kuna minong'ono, kuna kimya, kuna mazungumzo, na mara moja moja mlango unabamizwa. Tangazo limebanwa hivi kwamba kila anayepita ni yule mrefu, kuanzia sekunde ya kwanza mpaka ya mwisho. Ukipima kizingiti tu, hakuna aliyevuka. Lakini sikio halimsikilizi mrefu mmoja, linasikia msafara wote.

Ndiyo maana wataalamu waliacha kutegemea kile kiwango cha juu peke yake. Mwaka 2006 shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilitoa njia ya kupima ukubwa wa sauti kwa namna iliyo karibu na sikio la mwanadamu, kwa wastani wa kipindi kizima. Mwaka 2010 Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ukaitumia njia hiyo kuweka namba moja inayolengwa na vipindi pamoja na matangazo. Marekani wakaitungia sheria. Rais Obama aliisaini Desemba 2010, ikaanza kutumika tarehe 13 Desemba 2012. Sheria ile haimwambii mfanyabiashara atangaze nini wala aseme nini. Inasema wastani wa sauti ya tangazo usizidi ule wa kipindi linachoambatana nacho. Basi.

Mwezi huohuo wa Desemba 2012, usiku wa tarehe 31, ndipo Dar es Salaam ilipozimiwa mitambo ya analojia, sote tukaanza kuhangaika na ving'amuzi. Tulipata picha safi. Na kwa kuwa sauti nayo imekuwa ya kidijitali, kuipima hakuhitaji chombo cha ajabu, ni programu ya kompyuta.

Wenzetu wenyewe hawajamaliza. Sheria ile ya Marekani haikugusa vipindi vinavyotazamwa kwa intaneti, mpaka Oktoba 2025 jimbo la California likapitisha sheria yake, ianze kutumika Julai 2026. Aliyeileta alisema chanzo ni mtoto mchanga wa mmoja wa wafanyakazi wake, aliyekuwa akibembelezwa akalala, kisha anaamshwa na matangazo. Tuliposoma habari hiyo tulitazamana. Ng'ambo ya bahari, katika nyumba yenye dari, na kisa ni kilekile.

Tunajua tutakayoambiwa. La kwanza, "Punguza kwa rimoti." Hili ndilo jibu tunalolisikia kila mahali, na kwa nyumba zetu siyo jibu. Rimoti iko mkononi mwa anayetazama. Anayeumia yuko upande wa pili wa ukuta, na hana kitufe cha kubonyeza. Ni mtoto mwenye homa, ni bibi mwenye presha, ni mjane aliye edani anayesoma Qur'ani, ni binti wa kidato cha nne anayejisomea kwa taa ya simu. Mwenye televisheni anaweza kuwa muungwana kuliko wote, ameiweka chini kwa kumjali jirani, na bado tangazo likamfanya aonekane mkorofi. Dini yetu imeweka uzito mkubwa kwenye haki ya jirani. Sisi tulijitahidi kuitimiza, na mtu asiyetujua akatuvunjia kwa sekunde thelathini.

La pili, "Biashara zijirekebishe zenyewe, serikali isiingizwe kila kitu." Hapa tunasema kama wafanyabiashara. Hatuwezi kujirekebisha mmoja mmoja. Mnaijua hali ya ukumbini siku ya harusi: meza moja wakipandisha sauti ili wasikilizane, ya pili nao wanapandisha, ya tatu hivyohivyo, mwisho ukumbi mzima unapiga kelele na hakuna anayesikia cha mwenzake. Anayenyamaza peke yake ndiye anayepata hasara. Mpaka MC aseme na wote kwa pamoja. Kanuni ni ile sauti ya MC. Na inamsaidia mdogo zaidi ya mkubwa, kwa sababu kampuni kubwa inarudia tangazo mara ishirini kwa siku, sisi tunapata mara mbili. Wote tukiwa kwenye kimo kimoja, tutashindana kwa uzuri wa gauni.

La tatu lina uzito, hatulipuuzi. Wapo wanaoogopa kuwapa wasimamizi wa utangazaji fimbo nyingine. Januari 2018 vituo vitano vya televisheni vilitozwa faini ya jumla ya shilingi milioni 60 na TCRA, kwa taarifa za habari zilizohusu uchaguzi mdogo wa madiwani. Anayekumbuka hayo ana haki ya kuuliza kama leo ni kelele, kesho ni maneno. Jibu letu ni kwamba kipimo cha sauti kiwe cha namba tu. Namba haijui tangazo ni la nani wala linasema nini. Kama kipimo kinasoma sawa, kituo kiko salama, na kama kimezidi, kituo chenyewe kinaweza kupima na kuona. Mkitupa kanuni ya maneno kama "kelele za kukera", hapo hata sisi tutaikataa, maana kukera kunategemea nani ameamka vibaya siku hiyo.

La nne tunajiuliza wenyewe: na vipaza sauti vyetu je? Swali la haki. Katika Surat Luqman, aya ya 19, Luqman anamuusia mwanawe ashushe sauti yake. Katika Surat Al-Israa, aya ya 110, hata kisomo cha swala kimewekewa njia ya kati, kisipazwe sana wala kisifichwe. Adhana ni ya dakika chache na ina nyakati zake zinazojulikana. Lakini kuna harusi tulizozishonea sisi wenyewe, spika zikapigwa mpaka saa nane za usiku, na mtaa mzima una watu wa kuamkia kazini. Kelele za nje, za baa, za kumbi na za viwanda, zina Kanuni za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na zina wasimamizi wake. Huko tusijifiche, kama tunataka tangazo lipunguzwe na sisi tupunguze. Lakini afisa wa mazingira anapima kilichoko mtaani. Tangazo linaingia ndani ya vyumba vya maelfu ya watu kwa dakika moja, na pa kulizuia ni pamoja tu, kituoni kabla halijarushwa.

Basi tunaomba nini? Kwa bara tunaiomba TCRA, kwa visiwani Tume ya Utangazaji Zanzibar, na tunaomba wakae pamoja, maana king'amuzi chetu na chenu kinashika vituo vilevile. Wastani wa sauti ya tangazo usizidi wa kipindi, na utajwe kwa namba. Wajibu uwe wa kituo, kipime kabla ya kurusha, kisimtupie mzigo mama lishe au fundi cherehani aliyelipia sekunde zake. Matangazo ya kituo chenyewe ya vipindi vyake yahesabiwe pia, kwa kuwa mara nyingi hayo ndiyo ya kwanza kupiga kelele. Matokeo ya vipimo yatangazwe. Na mlalamikaji awe na namba ya kutuma ujumbe, aandike kituo na saa, atosheke.

Kuna watakaosema Mbagala ina shida kubwa kuliko hii, maji na barabara. Ni kweli, tunazipita kila siku na viatu mkononi. Lakini maji na barabara vinataka mabilioni. Hili linataka kanuni na programu ya kompyuta.

Huku tukisubiri, dada zetu, tazameni kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni zenu. Nyingi za kisasa zina sehemu ya kusawazisha sauti yenyewe. Haimalizi tatizo, inapunguza. Na mwenye biashara anayetaka kutangaza, amwambie fundi asipandishe. Sisi tulirudi kituoni tukaomba tangazo letu lishushwe kwa siku zilizobaki. Fundi alitushangaa. Wateja hawakupungua tulivyohofia, ingawa hatuwezi kusema tulipata ambao tungewapata kwa kupiga kelele.

Siku mbili kabla ya Idi tulimshonea yule mtoto kanzu kwa kipande cha kitambaa kilichobaki, tukampelekea mama yake. Tukamweleza habari ya tangazo la sabuni, na ya tangazo letu pia, hatukuficha. Alicheka, akasema, "Kumbe na nyie mmo." Jioni ile sahani yetu ilirudi na kaimati.

Allah atujaalie tuwe majirani wema, na awape wenye mamlaka masikio ya kusikia mambo madogo.

Wabillahi tawfiq.