Kula au Anakula?

Mimi leo nina kisa cha aibu kidogo, na aibu yenyewe ni yangu. Neno moja tu la Kiromania, tena la mezani, karibu linikosanishe na mama mkwe moja kwa moja.

Kwanza niwape picha. Mimi ni binti wa Morogoro niliyeolewa Romania. Tunaishi Cluj-Napoca, mji wa Transilvania. Nyumbani mimi na mume wangu tunaongea Kiingereza, tukichanganya na Kiswahili chake cha kuombea maji. Mama yake anaishi kijijini, mwendo wa saa moja kwa gari, na anajua lugha moja tu: Kiromania. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunaangaliana na kutabasamu mpaka mashavu yanauma. Nikaona hapana, siwezi kuwa mkwe wa kutabasamu maisha yangu yote. Nikajiandikisha darasa la jioni.

Jamani, vitenzi! Kiromania ni ndugu yake Kiitaliano na Kifaransa, wote ni watoto wa Kilatini. Sisi tumezoea mtendaji akae mbele: naimba, unaimba, anaimba. Wenzetu wanamweka mkiani. Kuimba ni "a cânta". Mimi naimba ni "cânt", wewe "cânți", yeye "cântă", sisi "cântăm", nyinyi "cântați", na wao "cântă". Mmeona? Yeye na wao wamefanana. Vitenzi vya kundi hili la -a ndivyo vilivyo, yaani usiposikiliza stori tangu mwanzo hujui anaimba mtu mmoja au kwaya nzima.

Wengine wa kundi hilohilo wanaongezewa kipande katikati: kufanya kazi ni "a lucra", lakini nafanya kazi ni "lucrez", anafanya "lucrează". Kisha kuna kundi la -i: kuongea ni "a vorbi", nao wanakwenda "vorbesc, vorbești, vorbește, vorbim, vorbiți, vorbesc". Hapo sasa wanaofanana ni mimi na wao. Hivi vyote mimi naviita vitenzi watiifu. Ukikijua kimoja, umejua mamia.

Shida ni wale wakorofi. Kuwa ni "a fi", halafu mimi ni "sunt", wewe "ești", yeye "este". Sasa hizo sura zinahusiana wapi? Kuchukua ni "a lua", lakini nachukua ni "iau". Kutaka ni "a vrea", nataka "vreau", wanataka "vor". Na kula, ambacho ndicho mshitakiwa wetu wa leo, ni "a mânca": "mănânc, mănânci, mănâncă, mâncăm, mâncați, mănâncă". Mkia wake mtiifu kabisa, lakini shina linavimba na kunywea lenyewe. Nilikikariri kwenye basi wiki nzima kama mtoto wa darasa la pili na tebo zake.

Jumapili tukaenda kijijini. Mama mkwe alipika sarmale, yaani nyama ya kusaga na mchele vilivyofungwa kwenye majani ya kabichi iliyochachushwa. Pembeni kukawa na mămăligă. Mwenzangu, mămăligă ni ugali! Ugali wa mahindi ya njano, laini kuliko wetu, lakini ni ugali. Mtu niliyekuwa nimekonda kwa kukumbuka nyumbani, nikala. Nikaongeza. Nilipokuwa naongeza mara ya pili, mama mkwe, macho yake kwenye sufuria, akasema: "Mănâncă, mănâncă!" Mume wangu akacheka.

Uma ukanigandia mkononi. Si ndiyo nilikuwa nimetoka kukariri? "Mănâncă" ni yeye, anakula. Kwa hiyo mama anamwambia mwanawe, mbele yangu, "Anakula huyo, anakula!" Na mwanawe anacheka! Mnajua kwetu kusimangwa chakula ni jambo la namna gani. Nikaweka uma chini, nikasema nimeshiba.

Ndani ya gari sikuongea. Mume akauliza kuna nini, nikajibu "hamna kitu", ile hamna kitu tunayoijua sisi wanawake. Jumapili iliyofuata nikasingizia kichwa. Ya pili yake nikasingizia kazi. Ya tatu sikusingizia chochote, nilikataa tu, akaenda peke yake na kurudi kanuna. Kila safari alirudi na chupa ya zacuscă kutoka kwa mama yake, ile rojo ya biringanya na pilipili hoho wanayoisindika kwa ajili ya majira ya baridi. Sikufungua hata moja. Nilizipanga kabatini zikiniangalia. Tukaanza kuulizana maswali mabaya, kama kweli alikosea kunileta huku, kama kweli mimi nawadharau watu wake.

Jumanne moja darasani mwalimu akaandika ubaoni: leo tunajifunza kutoa amri. Akasema kwenye vitenzi vya -a, kumwamuru mtu mmoja kwa kawaida unatumia umbo lilelile la yeye. "Cântă!" ni imba. "Lucrează!" ni fanya kazi. Kisha akaandika "Mănâncă!" Moyo ukafanya paa!

Kumbe mama hakuwa anamsimulia mwanawe. Alikuwa ananikaribisha mimi. Kula, mwanangu, kula.

Nilifika nyumbani nikamweleza mume wangu kila kitu, nikitegemea atanifokea. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Umesahau Morogoro?" Nikakumbuka. Alipokuja kujitambulisha kwetu alikuwa amejifunza kanuna: kusoma, ukimwamuru mtu unasema soma, kupika, pika. Basi mama yangu alipokaa mezani bila kugusa chakula, mkwe mtarajiwa akamhimiza kwa heshima zote: "Mama, la! Mama, la!" Mama akashtuka, akadhani anakatazwa chakula nyumbani kwake. Kumbe kitenzi chetu cha kula nacho ni mkorofi, hakikubali kuachia hiyo ku-. Mama yangu lakini hakununa. Aliuliza, "Anamaanisha nini huyu?" Swali hilo moja tu. Mimi sikuliuliza, nikatupoteza Jumapili tatu.

Tulirudi kijijini. Mlangoni nikasema "Sărut mâna", salamu ya heshima kwa mama mtu mzima, ambayo maana yake ni "nabusu mkono". Sisi tunaosema shikamoo hatuna haja ya kufundishwa hiyo. Kisha nikatoa sentensi niliyoifanyia mazoezi njia nzima: "Am greșit." Nimekosea. Wakati uliopita kwao unaundwa na kitenzi cha kuwa na, kile kikorofi, "am", halafu kosa lako linafuata nyuma. Hakuuliza nimekosea nini. Alinishika mkono akanikalisha.

Mezani, kabla hajasema yeye, nikamwahi: "Mâncați și dumneavoastră." Na wewe kula, mama. Hapo umbo ni la nyinyi, maana mkubwa kwao anaheshimiwa kwa wingi. Akanitazama usoni safari hii, akaongeza sarma moja kwenye sahani yangu, akasema, "Mănâncă." Nikala.

Mmegundua kitu? Vitenzi vikorofi ndivyo vya kila siku: kuwa, kuwa na, kutaka, kuchukua, kula. Vile vya mara mojamoja vinafuata kanuni vizuri tu. Watu nao ni hivyohivyo. Bosi na jirani wa mbali utawaelewa kwa kanuni. Wale wa mezani kwako inabidi ujifunze mmojammoja, na usipoelewa, uulize kabla hujaweka uma chini.

Zacuscă zote tumeshamaliza. Tukutane mwezi ujao, na mpendane!