Kabla ya kukimbilia duka la pembejeo, geuza jani

Ukigusa mnyanya wako bustanini na vijidudu vyeupe vikaruka kama vumbi la unga, hao ni inzi weupe. Wengi mkiwaona mnakimbilia duka la pembejeo kuuliza dawa kali. Mimi napinga haraka hiyo, mpaka wakulima wengine wananiona mbishi.

Geuza jani kwanza. Wanaoruka ni wakubwa tu. Watoto wao wamejibandika upande wa chini kama magamba madogo, wametulia wananyonya. Dawa ikipigwa juu ya jani haiwafikii. Wanaokufa ni nyigu wadogo na mbawakavu wenye madoa waliokuwa wakiwamaliza bure. Tena inzi weupe huzoea dawa upesi. Wiki chache baadaye wamejaa upya, na fedha imekwenda.

Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kinatosha lita moja ya maji. (Ya unga ya kufulia hapana, inaunguza.) Jaribu majani machache, kesho yake yakiwa salama, nyunyiza jioni, bomba likielekea chini ya jani. Sabuni humuua anayelowa tu, hivyo rudia kila baada ya siku 5 kwa wiki 3.

Ila sabuni haiponyi rasta. Mche uliokwisha kudumaa, majani yamejikunja na kuwa njano, ulowanishe kwanza inzi wasiruke, kisha ung'oe uufukie, hata kama una maua. Najua inauma. Ukiuacha, inzi watauhamishia ugonjwa mche wa pili leo hii.